Nilivyomfuata Kaka Beno na Supra Yake

Walimu wenzangu, nimechoka kusimulia nusu nusu. Kila mapumziko mtu ananikamata kwenye chai ananiuliza, "Skola, hivi Dubai kulikuwaje?" Nikifika katikati kengele inalia, na kesho yake nakuta habari imeshageuka ofisini: mara nimenunua gari, mara kaka yangu ameoa Mwarabu. Basi nimekaa nimeandika. Asomaye asome, na asiniulize tena habari za dhahabu, maana sikununua hata hereni.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka, hayana utamu. Chanzo cha safari mnakijua kidogo. Kaka yangu Benedikto, ambaye kwetu ni Beno, yuko Dubai mwaka wa ishirini na mbili, fundi magari. Miaka sita hakukanyaga Morogoro. Kila Krismasi tukimpigia simu anasema, "Nikimaliza gari nakuja." Gari lenyewe ni Supra, gari la mbio la Kijapani la miaka ya tisini, na alilichukua likiwa chuma chakavu. Siku moja akamwambia Mama kwenye simu kwamba gari lina tabo mbili, yaani vile vifaa vinavyosukuma hewa ndani ya injini. Mama akasikia taabu mbili, akasema mbona hata moja ingetosha.

Mama ana miaka themanini na tatu. Mwaka huu alinitazama akasema, "Nenda ukamlete. Nataka kumwona nikiwa hai. Akikataa mwambie hilo gari nitalilaani." Mama akisema hivyo hatanii. Likizo ilipofika nikaenda.

Morogoro hadi Dar: dagaa wa Kaka

Kaka aliagiza vitu viwili tu: dagaa wa Kigoma na mlenda mkavu. Dagaa niliwafunga mara tatu, mfuko ndani ya mfuko, lakini treni ya umeme ina kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile. Hata Ngerengere hatujafika, mzee wa kiti cha mbele akageuka akasema kwa upole, "Mama, humu ndani kuna mtu amebeba ziwa." Nikatazama dirishani kana kwamba dagaa si wangu. Mzee alishuka Pugu bila kuaga.

Uwanjani ndege ilichelewa saa sita. Tukapewa juisi na biskuti, tukaambiwa tuwe wavumilivu. Nilikaa na mama mmoja Mganda anayefanya kazi za ndani Dubai, alikuwa anarudi kwa mkataba wa tatu. Aliniambia Kiswahili alijifunzia hukohuko kwa Waarabu, kwa sababu jikoni walikuwa Mkenya na Mtanzania. Akanifundisha, akiniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda.

"Maneno ya kule ni matatu, nyabo. Yalla ni twende. Inshallah ni labda. Khalas ni imekwisha."

"Imekwisha vizuri au vibaya?"

"Hiyo unaangalia sura ya mtu."

Akaniuliza mimi nafuata nini. Nikasema nimemfuata kaka. Akauliza amepatwa na nini. Mimi kwa uchovu nikajibu, "Gari." Yule mama akanishika mkono, macho yakamlenga machozi, akaanza kumwombea Kaka mifupa iungane. Aliomba vizuri sana hata nikaona aibu kumkatiza. Nilimweleza tukiwa tayari angani, akacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tuko sawa.

Al Garhoud: mtu anayeitwa mate

Nilidhani Kaka atanipokea mwenyewe na hilo gari lake. Aliyekuja ni mwanamume mrefu mwembamba, amevaa sare za ulinzi, ameshika karatasi yenye jina langu.

"Niaje, Mathe. Mimi ni Musembi, rafiki ya Beno. Amenituma nikuchukue."

Mimi nikasikia mate. Kwetu ukimwita mtu mzima mate mnaweza kufika kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilimkazia macho yale ya darasa la sita, maskini akajipekua mfukoni kutafuta kosa lake. Ndipo akanieleza kwamba kwao Kenya, mitaani, mathe ni mama. Nikamsamehe, nikamkabidhi sanduku zito.

"Kaka yuko wapi?"

"Ako garage. Siku hizi hapendi kuja town."

"Hapendi au hataki?"

Musembi akaanza kuangalia simu yake.

Kaka analala bwenini na wanaume wengine, kwa hiyo nilipangiwa kwa Bi Zuwena, palepale Al Garhoud karibu na uwanja, ndege zinapita juu ya paa vyombo vinatikisika kabatini. Bi Zuwena ni mwanamke wa Unguja, aliletwa Dubai akiwa bibi harusi na hakuondoka tena. Alifungua mlango, akavuta pumzi mara moja.

"Karibu mwanangu, ingia. Na huo mfuko unaonuka utakaa nje, si kwamba nakufukuza na wewe."

Alinikalisha akanitilia chai ya maziwa yenye iliki, na mkate wa kumimina ambao mpaka leo nikilala nauota. Nilikula vipande vinne. Cha tano nilikula kwa sababu alinilazimisha, na cha sita siwezi kukitetea. Nikamuuliza habari za lile gari, maana nilitaka kumjua adui yangu.

"Gari lile lilikuwa la mwanangu," alisema. "Akaenda kuligonga ukutani, likakunjika, mwenyewe hakuchubuka, akenda zake Uingereza kusoma. Marehemu mume wangu akamwambia Beno, chukua kama utaliweza. Wakati huo hapana mtu aliyelitaka. Leo vijana wa hapa wakilisikia linapita wanatoka majumbani kulitizama."

"Ndilo linalomzuia kurudi nyumbani."

Bi Zuwena aliweka birika chini. "Kakaako mtizame vizuri, mwanangu."

"Ana nini?"

"Mtizame tu."

Dubai Investments Park: toroli la spana

Asubuhi Musembi alinipeleka gereji. Kwenye metro kuna sehemu ya wanawake, nami nilimvuta aingie nami ili asinipotee. Mama mmoja akamwonyesha mstari wa pinki sakafuni bila kusema neno, Musembi akarudi nyuma taratibu, na kituo chetu tukakipita kila mmoja akimtafuta mwenzake. Kisha basi, kisha basi jingine lililotupeleka tulikotoka. Tulifika Dubai Investments Park saa tano na nusu, viwanda na maghala pande zote, malori yamejipanga, joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji. Alikuwa anatabasamu, lakini kuelekea lango, mimi nikiwa pembeni. Nilipoita "Kaka" ndipo akageuka. Tulikumbatiana muda mrefu. Amekonda, ndevu zimeingia mvi. Nikajisemea ni uzee, na mimi pia nimezeeka.

Kisha akanionyesha gari.

Wenzangu, niwaambie ukweli, sikuona kitu. Gari la buluu, milango miwili, limelala chini, na nyuma limewekewa ubao uliosimama juu ya miguu miwili kama kichanja cha kuanikia vyombo. Nikasema ni zuri, kwa sauti ile tunayomwambia mtoto aliyechora ng'ombe wa miguu mitano. Lakini nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki mpaka alasiri, na niliyoyaona yalinitatiza. Dereva wa lori alisimamisha lori lake barabarani, akashuka, akaja kusimama mbele ya Supra mikono nyuma, akaondoka. Akaja mwenyeji mmoja aitwaye Hamad, mtu wa miaka arobaini hivi, kanzu nyeupe, nje ameegesha gari jipya linalong'aa ambalo hakuna aliyelitupia jicho. Yeye huja kila wiki. Anakunywa karak, chai nzito ya maziwa na iliki, analitazama gari, anamuuliza Kaka, "Lini?" Kaka anajibu, "Inshallah." Basi, anaondoka.

Nilimuuliza Kaka wanaona nini.

"Magari ya sasa yanafunguliwa na kompyuta, Skola. Fundi anasoma kwenye kioo. Hili linamsikiliza mtu. Unaweka mkono, linakuambia linaumwa wapi." Akapapasa boneti. "Na tabo zake hazina haraka. Unakanyaga, kwanza halifanyi kitu. Unasubiri. Halafu linakubeba."

Nikawaza wale wanafunzi ambao ukiwauliza swali wanakaa kimya hadi unakata tamaa, kisha wanajibu lote bila kukosea. Hao nawapenda. Nikaanza kuelewa kidogo, lakini sikumwambia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Kaka alikuwa chini ya gari, mimi sina kazi, na pembeni pana toroli lake la vifaa, vurugu tupu: spana kubwa na ndogo zimechanganywa, bisibisi katikati, kitambaa kimekunjwa kona moja. Dada gani angeacha? Nilifuta kila spana, nikazipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, nikasogeza toroli karibu na ukuta lisizibe njia. Mafundi wote wakaacha kazi. Yusuf, fundi mwenzake kutoka Pakistani, akaja mbio na kuanza kurudisha vitu, lakini alikuwa amechelewa. Mkono wa Kaka ulitoka chini ya gari, ukapapasa hewani pale toroli lilipokuwa. Ukapapasa tena.

"Nani ameshika toroli langu?"

"Ni mimi Kaka, nilikuwa nakupangia."

Alitoka chini, uso umemkunjamana. "Usiguse vitu vyangu, Skola. Usiguse kabisa."

Mbele ya watu. Mimi niliyembebea dagaa nchi mbili. Nilirudi Al Garhoud nimenuna, na niliumia sana, nikasema moyoni kwamba gari hili limemla kaka yangu likabakiza ngozi. Nikamwambia Bi Zuwena kesho nabadilisha tiketi. Akaniwekea wali wa nazi akasema, "Kula kwanza."

Kiti cha kushoto

Kesho yake Jumamosi Kaka alinipigia mwenyewe. Hakuomba radhi, siyo tabia yake, ila alisema, "Njoo nikuzungushe, ulisikie." Nikajua hiyo ndiyo radhi yenyewe. Nikavaa kitenge changu cha rangi ya chungwa, kile cha mahafali, nikaenda.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, gari limetolewa uani. Kaka alikuwa ananawa mikono bombani. Akasema, "Yalla, ingia." Nikaenda mlango wa abiria, yaani kushoto, kama mlivyozoea ninyi na mimi tangu tuzaliwe. Nikainama, nikajipenyeza, maana gari lile halikujengwa kwa mwalimu mwenye umri wangu. Nilipokaa sawa nikakuta usukani uko kifuani kwangu. Kumbe huko dereva hukaa kushoto. Nikaanza kutafuta namna ya kutoka, na kabla sijatoa hata mguu Kaka akaja, akafungua ule mlango, akanikalia.

Alinikalia kabisa, uzito wote. Nilipiga kelele ya kuku. Gereji nzima ikacheka, Musembi aliyekuwa mapumzikoni akajishika ukutani, Kaka mwenyewe akaruka nje anacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa bado nacheka nilipoanza kuhesabu. Nina kilo zangu. Nimevaa rangi ya chungwa. Jua la saa nne. Na mlango ameufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Nikamtazama Yusuf. Yusuf aliacha kucheka akatazama chini. Musembi naye vilevile. Nikatoka ndani ya gari, nikachomoa ufunguo kwenye kiganja cha Kaka.

"Leo huendeshi."

"Skola, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Twende nyuma basi, tukavunjiane heshima wenyewe."

Nyuma ya gereji pana kivuli na matairi mabovu. Tulikaa juu ya matairi. Nilimwambia aseme, akasema hakuna kitu. Nikamwonyesha vidole pembeni ya sikio lake, nikauliza vingapi. Hata hakugeuka. Hakujua kama nimenyoosha mkono. Niliushusha nikaubana kati ya magoti.

"Ni presha ya macho," alisema mwishowe. "Mwaka wa tano huu. Pembeni kumekwisha kufa. Naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Dawa natia, lakini kilichokufa hakirudi, na tundu linazidi kuziba."

"Na unaendesha."

"Humuhumu tu, mwisho wa wiki, barabara zikiwa tupu. Mwezi uliopita nilimkosa mtu wa baiskeli kwa kiasi hiki." Akapima kwa viganja, kiasi cha mkate mmoja.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja, sikujua nianze na lipi. Nikauliza nani anajua. Akasema arbab, yaani mwenye gereji, aligundua zamani na hakusema neno. Alitoa amri moja tu, kwamba mtu asisogeze toroli la Beno, na akaacha kumpa magari mapya. Anampa ya zamani, yanayotengenezwa kwa mkono na sikio.

"Ndiyo maana nimeng'ang'ania hili, Skola. Hili halinidai macho. Nikiweka mikono mle ndani naona kila kitu. Nikiliacha, mimi ni nani? Nirudi Morogoro nikaongozwe kama mbuzi?"

"Mama anataka kukuona."

"Na mimi nataka kumwona Mama. Tofauti ni kwamba muda wangu ni mfupi kuliko wake."

Nililia pale juu ya matairi, sioni haya kuwaambia. Kaka hakulia. Alikuwa anafuta mikono ambayo ilikuwa safi.

Jumeirah Lake Towers: Kaka upande wa abiria

Ufunguo nililala nao chini ya mto. Jumapili asubuhi niliurudisha kwa sharti moja: aendeshe Musembi. Musembi ana leseni ya huko, anataka kuwa dereva wa teksi, na siku zake za mapumziko zote huja kumsaidia Kaka. Kwa muda wote huo Kaka hakuwahi kumruhusu mtu yeyote kushika usukani ule. Alisimama kando ya gari, mkono juu ya paa. Mwishowe akazunguka kulia, akakaa. Mimi nikasukumwa kiti cha nyuma, ambacho si kiti, ni adhabu. Magoti yalinigusa kidevu.

Tulikwenda Jumeirah Lake Towers, kwenye minara ya maofisi ambako Musembi hulinda mlango wa jengo moja saa kumi na mbili kwa siku. Mwanzoni alikuwa anaendesha kwa woga. Kaka aliinamisha kichwa, macho amefumba.

"Usiikimbilie gia. Isikilize. Bado. Bado. Sasa."

Musembi akabadilisha, akakanyaga, na gari halikufanya kitu. Nikahesabu moja, mbili. Kisha ikatoka sauti ya kuvuta pumzi, nyembamba, inapanda, na kitu kikanisukuma mgongoni bila kunipiga. Nikasikia tabo ya pili inaingia, nikasukumwa tena, nikajikuta nimeshika bega la Kaka na ninacheka kama mtu asiye na mtihani wa kusahihisha. Hatukuvuka kasi iliyoandikwa kwenye mabango, nawaapia. Magari mengi yalitupita. Watu ndani yake walikuwa wanageuza shingo kututazama sisi.

"Umeisikia?" Kaka aliuliza.

"Nimeisikia."

"Hiyo ndiyo iliyonikalisha."

Tulikunywa chai kwenye mkahawa kando ya maji, kwa mayai na chapati za kihindi. Kaka alikula kwa kupapasa sahani kwa kidole gumba, jambo ambalo sasa niliweza kuliona. Mlinzi mwenzake Musembi akaja kuomba apigwe picha na gari. Akaja mama na mwanawe, kisha mzee mmoja Mzungu aliyesema alikuwa na moja kama hilo akaliuza, na hajawahi kujisamehe. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Yule mzee alipoondoka Kaka akageukia upande wa Musembi.

"Musembi, ulipobadilisha ya tatu kule kwenye mteremko, ulisikia ilivyoitika?"

"Nilisikia, Mzee."

"Mimi nilisikia vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa sina kazi ya kutafuta barabara." Akasukuma kikombe. "Skola, mpigie Mama. Mwambie nakuja. La macho usiseme, nitasema mwenyewe."

"Na gari?"

"Hamad atalichukua. Amesubiri kuliko mtu yeyote."

Nilimpigia Mama palepale. Alisema, "Mwambie avae sweta, huku kuna baridi," akakata simu. Baridi yenyewe haikuwepo.

Hamad alikuja siku mbili baadaye. Bei sikuisikiliza na hainihusu. Niliona tu Kaka alivyofungua boneti, akaushika mkono wa Hamad, akauweka juu ya injini iliyokuwa inanguruma taratibu, akausogeza hapa na pale, kila mahali akimwambia kitu kwa Kiarabu chao cha gereji. Yule bwana na kanzu yake nyeupe akaingia grisi mpaka kiwikoni, hakujali. Akamuuliza Kaka kwa nini sasa, baada ya miaka yote. Kaka akasema, "Ana khalas." Mimi nimekwisha. Hamad alimtazama usoni kwa muda, nadhani aliona, maana hakuuliza tena. Alimbusu juu ya kichwa, akaingia garini.

Kaka alisimama getini akisikiliza mpaka sauti ikapotea katikati ya malori.

"Gia ya pili ameichelewesha," alisema. "Atajifunza."

Arbab alimpa mkono wa kwaheri. Yusuf alimfungia seti ya spana zake kwenye kitambaa, kwa mpangilio ule ule wa Kaka. Bi Zuwena alitupa mikate miwili ya kumimina, akaniambia nikitaka kurudi nirudi, ila dagaa nitangulize kwa meli.

Morogoro: sebuleni kwa Mama

Ndege haikuchelewa. Nilishangaa, nikamtafuta yule Mganda nimwambie. Kwenye treni Kaka alikaa dirishani na akaniomba nimtajie vituo. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno atakayomwambia Mama, midomo inacheza bila sauti. Nilipomshika mkono kushuka aliuchomoa. Nikamwacha. Nilitembea nusu hatua mbele yake, nikiongea mfululizo kama mjinga ili afuate sauti.

Nyumbani palijaa, ndugu, majirani, watoto ambao hakuwahi kuwaona. Mama alikuwa kwenye kochi lake, amevaa gauni la kanisani siku ya Jumatano. Kaka aliingia wima, akajikwaa kwenye stuli, akaangukia goti moja.

"Umekunywa?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama."

Kaka hakuinuka. Alisogea kwa magoti mpaka alipo Mama, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza polepole kuelekea mwanga wa mlangoni. Maneno yote ya kwenye treni hakuyasema. Alianza na paji la uso. Akashuka kwenye jicho moja, akakaa hapo, akahamia la pili. Akashuka puani.

"Mbona unanitazama kidogo kidogo?" Mama akasema.

"Macho yangu yanakufa, Mama. Limebaki tundu dogo. Nilichelewa kuja kwa sababu niliogopa kukuambia."

Mama hakulia. Alivua miwani yake akaiweka mapajani. Kisha akafungua kilemba, kilemba ambacho mimi binti yake sijamwona bila hicho kwa sijui miaka mingapi, na nywele zake nyeupe zikawa wazi mbele ya watu wote.

"Basi tazama polepole," alimwambia. "Mimi leo siendi kokote."